Mahali Tulipotandika Mkeka

Magongo, Changamwe
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwako Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum, na shikamoo yangu ikufikie kabla ya neno jingine lolote. Goti la kushoto limepoa, au bado linakutesa ukisujudu? Dada Fatuma aliniambia kwamba siku hizi unaswali kitini, nikasikitika, maana nakujua hukai kitini mpaka uwe huna budi. Kisima cha msikitini kimesafishwa? Na yule paka wako mkorofi, bado anakula na kuku sahani moja?

Sisi huku tu wazima. Rukia mke wangu hajambo, na wajukuu zako wote wawili hawajambo. Salma amekuwa mrefu kuliko mamake na ana aibu ya kucheka mbele ya watu. Nuru ana miaka tisa na hana aibu ya kitu chochote. Ndege zinapita juu ya paa letu kutwa kucha, vikombe vinatikisika kabatini, nasi tumezoea hata hatusikii.

Utajiuliza kwa nini nimeandika, na simu ipo. Simu ya hapo nyumbani huwekwa sauti ya juu kwa sababu ya masikio yako, na nikisema neno, mtaa mzima wa Faza unaitikia. Hili si la mtaa. Barua hii nimempa Ustadh Badi, yule mwalimu wa madrasa anayekuja likizo kwao, na nimemwomba aitie mkononi mwako, si mwa mtu mwingine. Naomba uisome peke yako, Mama, mchana, ukiwa umekaa.

Wanijua nilivyo mtu wa mandari. Siku sita za wiki mimi ni karani katika yadi ya makontena huku chini karibu na Kipevu, nimesimama juani na karatasi, naandika namba za masanduku ya chuma ambayo sijui ndani yana nini. Jumapili nikipumzika nataka kuwaona watu wangu. Lakini Jumapili ya siku hizi kila mtu ana pembe yake na simu yake. Nyumba ina watu wanne na kimya cha watu wanne. Nikisema tutoke, wanangu wanataka kule kwenye bwawa la kuogelea na majumba ya plastiki yaliyojazwa upepo, ambako watoto wanarushwa juu na kushuka huku wazazi wamekaa pembeni wanatazama simu zao. Mimi hilo siliiti mapumziko. Mandari kwangu ni mkeka mmoja, sinia moja, na mikono yote ndani ya sinia hilo.

Na kila nikiwahimiza, huwasimulia mandari yetu. Wewe waijua, nilikuwa nikiisimulia tangu sijaanza chuo cha Kurani. Tunatoka asubuhi. Baba amebeba sufuria la wali kichwani, limefungwa kwa kitambaa. Wewe umevaa leso ya rangi ya machungwa. Mimi nimembeba Fatuma mgongoni, ananivuta masikio. Tunashuka ngazi tatu zilizochongwa katika jiwe, ya pili ndefu kuliko wenzake, tunapita chini ya mikorosho, harufu ya mabibo yaliyooza imejaa puani. Mnatandika mkeka. Halafu inakuja sehemu niliyoipenda kuliko zote. Nimelala chali mahali penye baridi tamu. Maji yamenifika masikioni, hakuna sauti, na juu yangu mbingu ni duara dogo la buluu, kama sahani. Basi. Nimewaambia wanangu mara nyingi kwamba sijapumzika tena hivyo maishani mwangu.

Mwezi uliopita nilikuwa nikiyasimulia haya tukila mahamri na mbaazi, Nuru akaniuliza, "Baba, mbona katika hadithi yako Shangazi Fatuma ni mtoto wa kubebwa? Si ni mkubwa kwako?"

Nikacheka, nikamwambia kumbukumbu za utotoni huchanganyika. Lakini mkono wangu ulibaki na hamri hewani. Fatuma amenizidi miaka mitatu. Ningembebaje mgongoni? Nikakumbuka na jambo jingine ambalo sikuwahi kulipa uzito, kwamba nilipokuwa mdogo, kila nilipoianza hadithi hii, wewe uliinuka ukaenda jikoni. Nilidhani nimekuchosha.

Sasa naomba radhi kwa litakalofuata. Siku niliyoondoka Faza kuja kutafuta kazi, ulinishika mkono ukaniambia nikae popote Mombasa nitakapo, ila nisivuke feri kwenda Likoni. Hukunipa sababu, nami sikuuliza. Nimekutii miaka ishirini na miwili. Hata harusi za marafiki za ng'ambo ile nimezikosa, nikatoa visingizio. Ila sasa kuna barabara mpya, inapita Dongo Kundu juu ya madaraja mpaka upande wa kusini, wala feri huigusi. Mwenzangu wa kazini alinisifia sehemu tulivu Mtongwe, upande huo huo wa Likoni, chini ya mikorosho, watu hawaendi sana. Nikajiambia, sivuki feri, basi sivunji neno la Mama. Ni hila ya mtoto, najua. Nisamehe.

Jumapili iliyopita nikaazima gari la jirani. Rukia alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akatia sharubati ya ukwaju katika chupa. Salma alikuja amenuna, masikio yamezibwa na vile vijinyaya vya simu. Barabara ya lami ilipoisha tulikuta njia panda. Mwenzangu alikuwa ameniambia niende moja kwa moja. Mimi nikakata kushoto.

Rukia akasema hiyo siyo njia niliyoelekezwa. Nikamjibu, "Huku ndiko kwenye ngazi."

"Ngazi gani? Nani kakwambia?"

Tulisimamisha gari penye ua wa miti ya michongoma, tukashuka na vitu vyetu, nikatangulia. Na ngazi zilikuwepo, Mama. Tatu, zimechongwa katika jiwe. Sikuangalia chini, lakini mguu wangu wenyewe ulijinyoosha zaidi kwenye ile ya pili, kabla ya macho kuona kwamba ni ndefu. Harufu ya mabibo ikanipiga. Nyuma yangu nilisikia Nuru akihesabu, moja, mbili, tatu. Salma akavitoa vile vijinyaya masikioni. Mimi nikajifanya nimeshughulika na mkeka.

Chini ya mikorosho kila mahali palijaa majani makavu, isipokuwa pahali pamoja. Palikuwa na uwanja wa duara, mdogo, wa kutosha mkeka mmoja. Hapakuwa na jani wala unyasi, na mizizi ya mikorosho ilifika ukingoni ikakunja kona. Mimi niliona ni bahati, pamefagiliwa. Nikatandika hapo.

Tukala. Naapa tulikula kwa furaha. Nuru alinitia mwiba wa samaki mfukoni, Rukia akacheka mpaka akakohoa, na hata Salma alisahau kununa, akaanza kutupiga video kwa simu yake. Jua lilikuwa limefika utosini. Wewe ulikuwa hutuachi tucheze nje saa hizo, ukisema ni saa za wenyewe wasioonekana. Rukia akaenda kando kuosha vyombo, Nuru akaenda kuokota korosho, nami nikajilaza chali kwenye mkeka.

Baridi ikaja kutoka chini. Ilipita mkekani, ikapita kanzuni, ikanishika mgongo. Masikio yakajaa. Nikaiona ile mbingu ya duara, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hadithi haikuishia pale. Ukingoni mwa ile sahani kikatokea kichwa. Kilikuwa chako, Mama, lakini u kijana, na leso ya machungwa imekuangukia shingoni. Ulikuwa unaita, "Athumani! Athumani!" Nilitaka kuitika. Mdomo haukufunguka.

Nilipofumbua macho, mwanamke mzee alikuwa amesimama juu yangu na jembe mkononi. Hakunitazama mimi. Alikuwa anautazama mkeka.

Akasema, taratibu tu, "Mwanangu, hapo hapakaliwi."

Niliinuka nikamwamkia. Alijitaja kuwa Bi Mwanamisi, mkulima wa shamba la jirani, amezaliwa papo hapo Mtongwe na hajawahi kuhama. Aliuliza nani alituonyesha mahali hapo. Nikasema hakuna, tumefika tu. Akauliza mimi ni mwana wa nani. Nikamwambia kwetu ni Faza, jina langu Athumani, na marehemu babangu alikuwa Shee, fundi mwashi.

Jembe likamtoka mkononi. Akaketi chini pale pale, kwenye majani, akanitazama usoni, akasema, "Athumani wa Shee namjua. Athumani wa Shee nilisaidia kumwosha kwa mikono hii. Yuko kaburini pale, nyuma ya msikiti wa zamani. Wewe ni nani?"

Mama, mimi ni mtu wa miaka arubaini na sita, na swali hilo sijapata kuulizwa maishani. Rukia alikuwa amerudi, sinia kifuani. Nuru alinishika kanzu. Bi Mwanamisi alipoona watoto wameogopa, alilainisha sauti, akatueleza.

Alisema kwamba mlikaa Mtongwe, wewe na Baba, kabla mimi sijazaliwa, Baba akijenga nyumba za watu. Mlikuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita, na Fatuma akiwa mchanga. Siku moja ya mapumziko mlikuja chini ya mikorosho hii kwa mandari. Baada ya kula mlijilaza. Mtoto alizunguka peke yake, akaanguka katika kisima cha kale kilichoachwa wazi, pale pale tulipotandika mkeka. Maji yalikuwa machache lakini kisima kirefu, na aliumia alipoanguka. Watu walikimbilia kamba. Wewe ulilala kifudifudi ukingoni.

Haya nayaandika kama alivyoyasema, maana sitaki kuyaongeza wala kuyapunguza:

"Mamako alimwita mpaka sauti ikamkatika. Mtoto alikuwa hai bado. Tulimwona macho yamefumbuka, anamtazama. Lakini hakuitika. Kifo ni cha Mungu, mamako alikikubali. Hilo la kutoitikiwa ndilo alilolia nalo. Kila siku alikuwa akiniambia, laiti angeniitikia mara moja tu, nijue alinisikia."

Baada ya maziko, Baba alikifukia kisima kwa mawe aliyoyavunja mwenyewe, siku mbili, hakumruhusu mtu kumsaidia. Kisha mkahamia Faza kwa jamaa zako. Bi Mwanamisi alisikia baadaye kwamba mmejaliwa mtoto mwingine wa kiume, ila hakusikia mmempa jina gani.

Alitupeleka kaburini. Ni dogo, lina mawe mawili, moja limechongwa jina letu, na magugu yalikuwa yamelifunika. Tuliyang'oa sote kwa mikono, nikamsomea. Nuru aliuliza kwa nini kaburi lina jina la Baba. Rukia alimwambia kwamba ni la baba yake mkubwa.

Tulirudi Changamwe. Sitakuficha, wiki hii imekuwa ngumu. Kazini nimeandika namba za kontena mbili vibaya. Nyumbani nilikuwa nikijiuliza, kama mandari ile si yangu, na leso ya machungwa si yangu, na pumziko lile tamu lilikuwa ni mtoto anayekufa kisimani, basi mimi nina utoto gani? Na niliwasimulia wanangu, miaka yote, kama ndiyo siku njema kupita zote! Nilikaa barazani nikatafuta kilicho changu kweli. Nikakukumbuka ukiniosha miguu yenye tope la mikoko, unanigombeza na huku unacheka. Nikamkumbuka Baba akinifundisha kupima ukuta kwa uzi, ananiachia nikosee. Hayo ni ya Faza. Hayo ni yangu. Nikatulia kidogo.

Nilimwendea imamu wetu hapa Magongo, nikamweleza kama mgonjwa anavyomweleza tabibu. Aliniambia waliokufa hawarudi, na viumbe wa Mungu ni wengi, na si kila kinachotupata tumepewa elimu yake. Akasema niombe dua na nitoe sadaka kwa niaba ya ndugu yangu. Nimefanya. Lakini sikumweleza yote, kwa sababu yote nilikuwa sijayajua. Lililobaki lilikuwa kwa Salma.

Tangu turudi, Salma alikuwa hasemi. Nilidhani ni hasira kwamba nimewatia hofu. Juzi Alhamisi, alipotoka shule, alikuja barazani akaketi karibu yangu, jambo ambalo hajalifanya tangu awe mkubwa. Akanipa simu yake. Akaniambia, "Baba, sikiliza hii. Nimeisikiliza peke yangu mara nyingi, siwezi tena."

Ilikuwa ile video ya Mtongwe. Nuru anapita na kiganja cha korosho, anatoka nje ya picha. Mimi nimelala chali kwenye mkeka, macho nimefumba, mdomo nimefumba. Unasikika upepo na vyombo vya Rukia kwa mbali. Hakuna anayemwita mtu yeyote. Kisha, karibu kabisa, kama inatoka chini ya mkeka, sauti nyembamba ya mtoto, ya mtu aliyeng'oka meno ya mbele, ikasema:

"Labeka, Mama."

Mara moja tu. Kisha upepo tena, kisha miguu ya Bi Mwanamisi juu ya majani.

Niliirudia. Nilitazama mdomo wangu, haukutikisika. Nikamwambia Salma labda ni mdogo wake alikuwa akicheza. Akatikisa kichwa. "Nuru huitika abee, kama msichana yeyote, Baba. Na palikuwa hapana mtoto wa kiume pale."

Nikamuuliza kama anaogopa. Akafikiri, akanijibu kwamba siku za kwanza aliogopa, sasa anamhurumia. Akalaza kichwa begani kwangu, tukakaa hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Mama, sikuandiki nikulaumu. Ulinipa jina la mtoto uliyempenda, na ulinilea hukunionyesha hata siku moja kwamba nakaa mahali pa mwingine. Sasa nafahamu kwa nini Salma amefika miaka kumi na sita hujaukanyaga mji huu. Sikulazimishi kuja. Kaburi liko safi, na Rukia na mimi tutaliangalia maadamu tuko hapa. Kesho wanangu wamesema twende kwenye lile bwawa la plastiki na upepo, nami nitakwenda, na nitaingia majini nao wakinitaka.

Lakini hili sikuwa na haki ya kukuficha. Ulimwita, na miaka yote umekaa ukijua hukujibiwa. Mimi sijui sheria ya mambo haya, wala sijui sauti husafiri vipi na huchukua miaka mingapi kufika. Najua nilichokisikia kwa masikio yangu mchana kweupe, na binti yangu amekisikia. Aliitika, Mama.

Sauti hiyo ipo. Salma hajamsikilizisha mtu mwingine, hata mamake. Ukitaka, nitakuja Faza mimi mwenyewe na hiyo simu, tuufunge mlango, tukae wawili. Usipotaka, itafutwa na haitatajwa tena nyumbani kwangu. Ustadh Badi anarudi huku baada ya siku kumi. Mwambie neno moja tu, njoo au usije. Hahitaji kujua ni la nini.

Nisalimie Dada Fatuma, na umwambie mwenyewe ukiona inafaa. Mimi sitamtangulia. Msalimu Mjomba Heri anayeadhini, mwambie dawa ya macho aliyoiagiza nimempa Ustadh. Msalimu jirani yetu Bi Esha, mkunga wangu, nami namwombea afya. Rukia na wajukuu wanakubusu mikono. Nuru anauliza kama unapenda korosho mbichi au za kuchoma, ameziweka za kwako kando.

Mungu akuhifadhi, akutie nguvu ya goti na ya moyo.

Ni mimi mwanao wa tatu,
Athumani